Mchujo, mchanganyiko au makundi ya mazoezini: kuwapanga watoto wa miaka saba na minane katika hoki ya barafu

Septemba inapoingia, klabu za hoki ya barafu nchini Kanada na Marekani hurudi kwenye swali ambalo halijawahi kupata jibu moja: watoto wa miaka saba na minane wapangwe vipi? Wapo wanaotaka watoto wapimwe, kisha wanaojua sana wawe na timu yao na wanaoanza wawe na yao. Wapo wanaotaka wachanganywe, ili kila timu iwe na wajuzi na wanagenzi. Wapo pia waliokaa katikati. Zamani mjadala huu haukutuhusu sana sisi wazungumzaji wa Kiswahili, lakini siku hizi ukiingia Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa barafu wa Edmonton, Ottawa au Minneapolis, hutakosa mzazi wa Kikenya, wa Kitanzania au wa Kikongo aliyejikunyata ndani ya koti, akimtazama mtoto wake akicheza mchezo ambao yeye mwenyewe hajawahi kuucheza. Klabu ikimpa fomu ya kuchagua, huchagua kwa kubahatisha.

Nimekuwa kocha msaidizi wa kujitolea wa umri huu kwa misimu kadhaa katika mji mmoja wa Kanada, na wanangu wamepitia mipango yote mitatu nitakayoieleza. Ninamwandikia mzazi aliyekwama kati ya klabu mbili zenye taratibu tofauti, pamoja na wale miongoni mwetu walioanza kuingia kwenye kamati za klabu na ambao watatakiwa kupiga kura.

Kwa wale ambao mchezo ni mgeni kwao: huu ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, wachezaji wakiwa wamevaa viatu vya kuteleza vyenye nyembe za chuma chini, na mahali pa mpira kuna kisahani kigumu. Kisahani cha wakubwa kina gramu 170 na ni cheusi. Wadogo wengi huanza na cha buluu chenye gramu 113 hivi. Kundi tunalolizungumzia huitwa U9 nchini Kanada na 8U nchini Marekani, na kwa kawaida ni watoto wa miaka saba na minane. Uwanja kamili wa Amerika Kaskazini una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na kwa miguu ya mtoto wa miaka saba hilo ni jangwa. Ndiyo maana USA Hockey, shirikisho la mchezo huu Marekani, ilipoanzisha mpango wake wa makuzi ya wachezaji mwaka 2009, iliwahimiza wadogo wachezee vipande vilivyokatwa kwa upana wa uwanja, na Hockey Canada, shirikisho la Kanada, ikafuata kwa wadogo kabisa msimu wa 2017–18, kisha kwa kundi hili la miaka saba na minane msimu wa 2019–20. Mabadiliko hayo yanagusa mada yetu moja kwa moja, kwa sababu uwanja ukiwa mdogo, mtoto hodari hana mahali pa kukimbilia peke yake, na pengo kati yake na wenzake hupungua hata kabla ya kocha kumpanga mtu yeyote.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo matano. La kwanza ni kama mtoto anapata kucheza kweli, yaani kuteleza mara nyingi na kugusa kisahani mara nyingi, kwa kuwa hakuna ujuzi wa gongo unaopatikana kwa kutazama. La pili ni kiasi gani njia hiyo inategemea kipimo, na kipimo hicho kina uhakika gani. La tatu ni moyo wa mtoto: marafiki zake, hamu yake ya kurudi wiki ijayo, na jina analojipa mwenyewe kichwani. La nne ni usalama. La tano ni mzigo wa fedha, safari na watu wa kujitolea, kwa familia na kwa klabu pia.

Kigezo cha pili ndicho kinachopuuzwa zaidi, kwa hiyo naomba nikae nacho kidogo. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa akitazama mechi ya vijana mjini Lethbridge, Alberta, pamoja na mkewe Paula. Paula, akipekua kijitabu cha mechi, aliona kwamba tarehe za kuzaliwa za wachezaji zilikuwa zimejazana kwenye Januari, Februari na Machi. Mwaka 1985 Barnsley na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa haikuwa bahati nasibu. Kanada huhesabu umri wa wachezaji kwa mwaka wa kalenda, hivyo aliyezaliwa mwanzoni mwa Januari na aliyezaliwa mwishoni mwa Desemba huwa kundi moja ingawa wamepishana karibu miezi kumi na miwili, na kwa mtoto wa miaka saba mwaka mmoja ni sehemu ya saba ya maisha yake yote. Aliyetangulia kuzaliwa ana miguu mirefu zaidi na anatulia zaidi kocha anapoeleza zoezi. Anachaguliwa, anapewa kocha mzuri na saa nyingi za barafu, na baada ya miaka mitano anakuwa bora kweli. Wale waliomchagua huona kwamba walikuwa sahihi.

Zaidi ya mwezi wa kuzaliwa, mchujo hupima mambo ambayo hayamo kwenye karatasi ya mpimaji. Msimu mmoja, siku ya kupimwa, mama mmoja mwenyeji wa Bukavu aliniuliza mlangoni, "Mwalimu, hizi namba za mgongoni ni za nini?" Nikamweleza kwamba wapimaji hawatumii majina, wanaandika namba tu. Mwanawe alikuwa na namba 23. Alipoingia barafuni alianguka kila alipojaribu kugeuka, vifundo vya miguu vimelala kwa ndani kama miguu ya kiti kilicholegea. Nilimwita mlangoni nikapiga magoti. Kamba za viatu zilikuwa zimelegea kiasi kwamba vidole vyangu viwili vilipita kati ya ulimi wa kiatu na mguu, kwa sababu hakuna mtu nyumbani kwao aliyewahi kufunga viatu vya aina hiyo na hakuna aliyewaonyesha. Nilizilegeza mpaka kwenye vidole, nikazivuta upya tundu baada ya tundu, nikakaza kwenye kifundo, nikafunga fundo mara mbili. Aliporudi alikuwa mtoto mwingine: aligeuka kulia, akageuka kushoto, akasimama mwenyewe bila kugonga ukuta. Lakini mpimaji upande wa pili wa kioo alikuwa ameshaandika, na alichokiandika kilikuwa ni hali ya kamba.

Kuhusu moyo wa mtoto nitasema jambo moja linalotuhusu sisi. Wengi wetu tulisoma katika shule ambako matokeo yalibandikwa ukutani, na tulijua mapema nani alishika namba moja na nani alishika mkia. Tunapoletewa karatasi yenye madaraja ya hoki, mkono huenda wenyewe kwenye daraja la juu, kana kwamba ni orodha ileile ya darasa la nne. Nimeliona hilo kwangu mwenyewe, na nadhani ni vizuri mzazi alitambue kabla ya kuchagua chochote.

Njia ya kwanza: timu za madaraja baada ya mchujo

Hapa watoto hupimwa mwanzoni mwa msimu, kisha huundwa timu ya walio mbele, timu ya walio katikati na timu ya wanaoanza. Kila timu hufanya mazoezi yake na kucheza na timu za daraja lake kutoka klabu nyingine.

Kwa upande wa kucheza, njia hii ina nguvu kweli, na wanaoipinga mara nyingi hawaitendei haki. Mtoto hodari akikaa na wenzake, akitoa pasi inapokelewa na kurudishwa, na mchezo unakwenda kwa kasi inayomlazimu afikiri. Faida kwa mtoto anayeanza ni kubwa pia: anakifikia kisahani kwa muda wake, anakipeleka hatua tatu nne mbele bila kunyang'anywa, na kwa mara ya kwanza anahisi kwamba anacheza. Kasoro yake ni kwamba katika timu ya wanaoanza pengine hakuna hata mmoja anayeweza kuwaonyesha wengine jinsi kitu kinavyofanyika, na watoto hujifunza zaidi kwa kumwiga mwenzao kuliko kwa maneno ya mtu mzima.

Kipimo ndicho uti wa mgongo wa njia hii, na ndipo palipo na udhaifu. Kikao kimoja au viwili vya Septemba huamua miezi sita. Miongozo ya Hockey Canada inashauri watoto wa umri huu wapate mazoezi kadhaa kabla ya kupimwa, na klabu inayofuata ushauri huo na kuwapima tena katikati ya msimu inastahili kuaminiwa zaidi kuliko inayopima mara moja na kufunga mlango. Tena kuna jambo ambalo mzazi mgeni halioni: makocha wa umri huu ni wazazi wa wachezaji. Mzazi aliyecheza hoki ujanani humfundisha mwanawe tangu akiwa na miaka mitatu, mwanawe huingia timu ya juu, na yeye huingia naye kama kocha. Hivyo klabu inapowagawa watoto kwa uwezo, imewagawa makocha pia, na timu ya wanaoanza, ambayo ndiyo inayohitaji mwalimu anayejua kuvunja ujuzi vipande vipande, huenda ikaangukia kwa baba mwenye moyo mzuri ambaye hajui kuteleza kinyumenyume.

Watoto hujua walipo. Unaweza kuziita timu kwa majina ya rangi au ya wanyama. Wiki ya pili haishi kabla hawajajua rangi ipi ndiyo ya juu. Wapo wanaoumia kwa kutenganishwa na rafiki wa darasani, na wapo wanaopumua. Nilikuwa na msichana aliyekuwa akilia kwenye gari kila tulipocheza mechi za mchanganyiko; alipohamia kundi la wanaoanza alianza kuamka kabla ya wazazi wake.

Kwa usalama njia hii iko mbele kidogo, kwa kuwa kasi na uzito vinakaribiana. Kumkumba mpinzani kwa makusudi hakuruhusiwi katika umri huu popote; Marekani iliusogeza umri wa kuruhusiwa mpaka kundi la 14U (miaka 13 na 14) kuanzia msimu wa 2011–12, na Kanada ilipiga marufuku kukumba kwa watoto wa miaka 11 na 12 mwaka 2013. Hatari inayobaki ni ya kugongana kwa bahati mbaya, hasa karibu na ukuta. Kwa mzigo, timu za juu husafiri zaidi, huingia mashindano zaidi na huomba fedha zaidi, na uwanja wa mazoezi huenda ukawa upande wa pili wa mji.

Inawafaa watoto wa klabu kubwa yenye makocha wa kutosha kwa kila daraja, mtoto aliyekwisha kuteleza misimu miwili au mitatu na anayechoshwa na mazoezi ya kuanza, na mtoto mwoga anayehitaji msimu mmoja wa utulivu.

Njia ya pili: timu zilizochanganywa kwa usawa

Katika njia hii klabu huunda timu zinazolingana: kila moja inapata wajuzi wachache, wa kati wengi, na wanaoanza wachache. Mara nyingi mtaa au shule huzingatiwa pia, ili watoto wanaoishi pamoja wacheze pamoja.

Kuhusu kucheza, hofu ya wazazi ina msingi. Nimesimama kwenye benchi nikamtazama binti mmoja mwenye umri wa miaka minane na ushee akichukua kisahani langoni kwake, akawapita wote, akafunga, akarudi, akachukua tena, huku mvulana wa pembeni ameegemea gongo lake kama mchungaji aliyeegemea fimbo. Binti hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu sisi makocha wa timu zote mbili, ambao hatukuwa tumekubaliana jinsi ya kupanga zamu. Dawa yake inajulikana: kwenye uwanja mdogo, zamu hubadilishwa kengele inapolia kila baada ya dakika moja au moja na nusu, na hodari wa timu hii huingia pamoja na hodari wa timu ile, wanaoanza pamoja na wanaoanza. Tulipofanya hivyo wiki iliyofuata, mvulana yule alifunga bao lake la kwanza, na binti akakutana na mpinzani aliyeweza kumnyang'anya. Makocha wakikataa kushirikiana kwa sababu wanataka ushindi, njia hii huharibika.

Kipimo bado kinahitajika, maana huwezi kusawazisha usichokipima, ila kosa lake halina madhara makubwa. Namba 23 akiandikwa kimakosa kuwa mwanagenzi, timu moja itakuwa na nguvu zaidi kidogo kuliko nyingine, na hapo basi. Hakuna mtoto aliyefungiwa mlango.

Moyo wa mtoto hupata mengi hapa. Anacheza na jirani yake, hana kibandiko cha daraja, na mzazi wake hana cha kujivunia wala cha kuonea aibu kwenye maegesho. Hata hivyo mtoto dhaifu anaweza kujiona wa mwisho ndani ya timu yake mwenyewe, na jambo hilo linauma zaidi likionekana kila wiki mbele ya watu walewale. Mtoto hodari naye huambiwa mara nyingi kwamba kazi yake ni kuwasaidia wenzake. Kumfundisha ukarimu ni vizuri. Kumgeuza kocha msaidizi akiwa na miaka saba ni kumpunja, kwa sababu naye amelipiwa ada aje kujifunza.

Usalama unahitaji macho zaidi, hasa mazoezini, wakati mtoto wa kasi na mtoto asiyejua kusimama wanapotumia njia moja. Mzigo wa familia ndio mwepesi kuliko njia zote. Uwanja uko karibu, majirani hupeana lifti, na kwa familia nyingi za kwetu, zenye gari moja na mzazi anayefanya kazi ya usiku hospitalini au ghalani, lifti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atacheza msimu huu au hatacheza.

Wanaopenda njia hii hutoa mfano wa Norwei, na ni mfano wa kweli. Nchi hiyo imekuwa na kanuni za michezo ya watoto tangu 1987, zikaongezewa haki za watoto mwaka 2007, na chini ya kanuni hizo hakuna orodha za matokeo wala msimamo wa ligi kabla ya mtoto kufika mwaka wa miaka 11. Lakini anayeutumia mfano huo akumbuke kwamba kanuni zile zinafungamana: Norwei imeondoa jedwali na pia imezuia mashindano ya mbali kwa wadogo. Klabu inayochanganya timu huku ikihesabu pointi na kugawa makombe imechukua nusu ya dawa.

Inawafaa watoto wa klabu ndogo, miji yenye umbali mkubwa kati ya uwanja na uwanja, watoto wanaokuja kwa ajili ya marafiki, na familia zisizo na muda wala fedha za kusafiri.

Njia ya tatu: timu mchanganyiko, mazoezi kwa makundi

Njia hii huacha timu za mechi zikiwa zimechanganywa, lakini mazoezini timu mbili au tatu huingia barafuni kwa pamoja, na uwanja hugawanywa vituo vinne hadi sita. Watoto hugawanywa kwa uwezo wa jambo linalofundishwa siku hiyo, na makundi hubadilika. Mtoto anaweza kuwa kundi la mbele katika kuteleza na kundi la kuanza katika kupiga chenga, na wiki mbili baadaye akahama.

Kwa kucheza, mazoezi ya aina hii yakienda vizuri hayana mfano: kila mtoto yuko kwenye zoezi linalomzidi kidogo tu, na hakuna foleni. Yakienda vibaya ni vurugu. Kila kituo kinahitaji mtu mzima anayeteleza, na makocha wawili wakikosa kufika Jumanne jioni, vituo sita vinakuwa vitatu, na watoto wanasimama kwenye mstari wakipigana vikumbo kwa magongo. Mechi zenyewe zina matatizo yaleyale ya njia ya pili, hivyo kengele na zamu zilizolinganishwa bado zinahitajika.

Kipimo kinafanyika kila wiki na hakimfungi mtu. Kosa la Jumanne hurekebishwa Jumanne inayofuata, na hilo ndilo linalonivutia zaidi kwa umri huu, kwa sababu mtoto wa miaka saba anaweza kulala hajui kusimama na akaamka anajua. Kibandiko cha daraja ni chepesi, ingawa hakikosekani kabisa. Nimesikia watoto wakisema "kundi la koni nyekundu" kwa sauti ya kujua maana yake. Usalama mazoezini ni mzuri kwa sababu wa kasi hawapishani na wanaoanza.

Mzigo huwaangukia waandaaji. Lazima awepo mtu mmoja anayekaa usiku kuchora vituo, kupanga nani anasimama wapi na kuwaandikia makocha wote. Kwa upande mwingine, timu tatu kugawana saa moja ya barafu hupunguza gharama, na gharama ya barafu ndiyo kubwa kuliko zote katika mchezo huu.

Inazifaa klabu za ukubwa wa kati zenye makocha wanaoelewana na mratibu mwenye bidii. Mratibu huyo akiondoka, mpango mara nyingi huondoka naye, na mzazi anapaswa kuuliza ni nani atakayeuendesha mwaka huu.

Mpango kama huu ndio ninaouona unafaa pia mahali penye barafu chache sana. Nairobi, ambako timu ya Ice Lions ilizaliwa kwenye uwanja wa hoteli ya Panari, uwanja mdogo kuliko wa kawaida, watoto wa umri mbalimbali hawana anasa ya kugawanywa timu tatu zenye saa zake. Kenya iliingia katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024, na wanaowafundisha wadogo huko wanafanya kazi ambayo klabu nyingi za huku zenye viwanja vitatu hazijaiweza.

Kuna wanaopendekeza njia nyingine tena, ya kuwagawa watoto kwa nusu ya mwaka waliyozaliwa, wa Januari hadi Juni mbali na wa Julai hadi Desemba. Wazo linaondoa sehemu ya upendeleo alioueleza Barnsley, lakini linahitaji watoto wengi sana ili timu zitimie, kwa hiyo kwa klabu nyingi linabaki kuwa njia ya kurekebisha alama za wapimaji tu: unampima wa Desemba ukiwa na tarehe yake ya kuzaliwa mbele yako.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama mtoto wako hajawahi kuteleza, usisumbuke sana na jina la mpango. Uliza atakuwa na kocha gani, na uliza kama kocha huyo amewahi kufundisha wanaoanza. Timu ya madaraja yenye kocha mzuri wa chini itamfaa, na mchanganyiko wenye zamu zilizolinganishwa utamfaa pia. Kisichomfaa ni mchanganyiko wa makocha wanaotafuta ushindi.

Kama amecheza misimu kadhaa na amechoka kungojea wenzake, angalia kwanza kama klabu ya karibu ina mazoezi ya vituo, maana yanaweza kumtosheleza bila kumtenga na marafiki. Kama hayapo, daraja la juu linaweza kumfaa, ila hesabu safari na ada za msimu mzima kabla ya kusaini, na muulize mwenyewe kama anataka.

Kama alizaliwa kati ya Septemba na Desemba, au ni mdogo wa umbo, au ndiyo kwanza mmehamia nchi yenye majira ya baridi, chukua tahadhari na klabu inayopima mara moja tu. Muulize mratibu, kwa maandishi, maswali mawili: watoto wanapimwa tena lini, na msimu uliopita walihama wangapi. Klabu yenye utaratibu wa kweli itakujibu kwa tarehe na idadi.

Kama una watoto wawili au watatu wanaocheza na gari ni moja, chukua mpango wa mtaa, hata kama jirani atakuambia mwanao anapotea huko. Mtoto anayefika mazoezini kila wiki hupita anayefika nusu ya wiki zake kwenye timu nzuri zaidi.

Kama uko kwenye kamati na watoto hawazidi thelathini, madaraja yatakupa timu zisizotimia na safari ndefu za kutafuta wapinzani. Changanyeni, na muweke nguvu zenu kwenye kengele na zamu. Wakiwa sitini au zaidi, njia zote tatu zinawezekana, na kinachoamua ni idadi ya makocha wanaoteleza vizuri. Mkichagua madaraja, wagawanyeni makocha kwa kura ya kamati badala ya kuwaacha wote wamfuate mtoto wa kila mmoja, na mwekeni angalau mmoja mwenye uzoefu kwenye timu ya wanaoanza.

Kama mtoto ameshapangwa na unaona amewekwa mahali pasipo pake, usimwambie yeye. Mpe wiki nne, tazama kama anagusa kisahani na kama anatoka barafuni akiwa na hadithi ya kusimulia, kisha zungumza na kocha faragha, si kwenye benchi mbele ya watoto.

Na kama atapimwa Jumamosi hii, fikeni nusu saa mapema. Legeza kamba za viatu mpaka kwenye vidole, mwambie akanyage kisigino nyuma kabisa, zivute tundu kwa tundu, ukaze zaidi kwenye kifundo. Vidole vyako visipite kwenye ulimi wa kiatu. Ukiona huwezi, simama karibu na mlango wa barafu umwombe kocha yeyote akufungie. Sijawahi kumwona aliyekataa.